Nitie sahihi niondoke, au nikatae nimalize mwaka wangu?

Kwako Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Wazazi walihamia Marekani nikiwa mdogo, nikakulia Minnesota, na sasa nipo Busan, Korea Kusini, nasomesha watoto Kiingereza. Natanguliza habari ya Marekani kwa sababu paspoti yake ndiyo iliyonifikisha huku. Viza ya mwalimu wa Kiingereza, wanayoiita E-2, kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7 tu, na kwa Afrika nzima iliyomo ni Afrika Kusini peke yake. Kwa paspoti ya Kenya ningeishia kujaza fomu.

Nafanya kazi kwenye hagwon, yaani shule ya kibinafsi ya tuisheni. Tuko orofa ya nne; chini yetu kuna tuisheni ya piano, na chini ya piano watoto wa taekwondo wanapiga makelele mpaka usiku. Asubuhi nina chekechea. Mchana wanashushwa na gari la manjano wale wa shule ya msingi, wengine wakisinzia juu ya daftari, maana wametoka shule, wametoka hesabu, na mimi ndiye wa tatu kwa siku hiyo. Watoto sina ugomvi nao hata kidogo. Wiki za mwanzo walikuwa wakinigeuza viganja kuangalia mbona ni vyeupe kuliko mkono. Siku hizi wanagombana nani akae karibu nami wakati wa chakula.

Chumba amenipa mwajiri. Ni kimoja, kidogo, lakini sakafu inapashwa joto kwa chini, na leso nikiifua usiku naitandaza papo hapo, alfajiri imekauka. Bibi mmoja wa orofa ya chini amenifundisha kutenga taka kwa kunifokea: mabaki ya chakula mfuko wake, plastiki mbali, na mifuko yenyewe iwe ya wilaya yetu, ya kununua dukani. Mpaka leo akiniona na taka anafungua kwanza, anakagua. Hata hilo nimelizoea. Kwenye karamu za kazini wenzangu wanachoma nyama ya nguruwe, mimi nakula wali na mboga, na hakuna anayenuna.

Shida yangu ni mkurugenzi.

Mkataba wangu ulianza Machi, mwaka wao wa masomo unapoanza, na unakwisha mwishoni mwa Februari. Kwa sheria ya Korea, mfanyakazi aliyetimiza mwaka hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 30, na alipwe ndani ya siku 14 baada ya kuondoka. Kwangu mimi ni kama Won milioni 2.4. Juu yake mkataba unanipa tiketi ya kurudi nyumbani. Nikitoka kabla ya mwaka kutimia, vyote viwili vimekwenda. Na pesa hizo nilishazipangia, Shangazi: ni za kumpeleka mama Umra. Nilimwambia mwenyewe, naye akawaambia majirani, wajua tena mambo ya kwetu.

Mwezi huu wa Desemba mkurugenzi akaniita ofisini, akanitilia kahawa, akasema wanafunzi wamepungua na wazazi wengine "hawajazoea". Hawajazoea nini, hakumalizia. Akanisogezea karatasi ya Kikorea, akasema ni ya kawaida tu, nitie sahihi, naye ataniandikia barua ya kuniachilia. Barua hiyo si kitu kidogo. Mwalimu anayeondoka katikati ya mkataba, bila hiyo, hawezi kuhamia kwa mwajiri mwingine kwa viza ileile. Nikamwambia nitakwenda kuisoma.

Usiku ule nililala nikiamini ni ngozi yangu. Kesho yake mwalimu mwenzangu, Mkorea, akanisomea karatasi ile kwenye ngazi, kwa sauti ya chini. Inasema kwamba mimi, kwa hiari yangu, naomba kuacha kazi tarehe 31 Januari. Halafu akaniongezea ambalo sikumuuliza: kwenye mkutano wa waalimu wa Kikorea mkurugenzi alisema wazi kwamba huyu mgeni akifika Februari atadai kiinua mgongo na tiketi, bora aishie Januari, Machi aletwe mwingine. Hakuna mzazi aliyelalamika. Utanishangaa, lakini nilipumua. Afadhali anidhulumu kwa hesabu zake.

Kaka yangu aliyeko Minnesota anasema nitie sahihi, nichukue barua, nitafute pengine, kwani wakati huu shule nyingi zinatafuta waalimu wa kuanza Machi. Rafiki yangu wa Afrika Kusini anasema nisiguse kalamu, nipige 1350, simu ya wizara ya kazi, wanawasikiliza hata wageni.

Sheria nimeisoma nilivyoweza. Mwajiri akitaka kunitoa lazima anipe notisi ya siku 30 au mshahara wake. Lakini akinipa notisi leo, siku hizo zinakwisha kabla mwaka wangu haujatimia. Na kinga ya kufukuzwa bila sababu ni ya mahali penye wafanyakazi 5 au zaidi. Waalimu tuko wanne. Dereva wa gari la manjano ukimhesabu tunafika watano, ila mkurugenzi husema yule si mwajiriwa wake, ni mtu na gari lake. Basi nikikataa, huenda nikafukuzwa bila barua wala kiinua mgongo, na chumba ninacholala ni chake.

Yuko mama wa mwanafunzi anayetaka nimfundishe mwanawe nyumbani kwa pesa taslimu. Kwa viza yangu hilo ni kosa, lina faini na hata kurudishwa kwenu. Nimelikataa, wala sikuombi ushauri wake.

Linalonikosesha usingizi ni yule mwalimu mwenzangu. Ndiye pekee anayeweza kusema aliyoyasikia mkutanini. Bila yeye, ni neno langu na la mkurugenzi. Naye analea mtoto peke yake, na kazi ni hiyohiyo moja. Pale ngazini aliniambia nisimtaje. Lakini mbona aliniambia yale yote, wakati nilimwomba anisomee karatasi tu? Je, ni vibaya nikimwomba asimame nami? Au nimlinde, nikatae sahihi peke yangu, nione kama mkurugenzi atathubutu kunifukuza? Au kaka ana haki, nichukue barua niondoke kwa amani, mama nimpeleke mwaka mwingine?

Karatasi anaitaka Jumatatu. Tafadhali usiniambie nisali tu, kusali nasali.

Mwalimu, Busan