Kwa nini saa ya kwenda Mida hatuipangi sisi

Swali tunaloulizwa zaidi kwenye simu, sisi tunaoongoza watazamaji wa ndege, ni "Mnaanza saa ngapi?" Jibu letu huwakera wengi: inategemea unakuja siku gani. Mgeni ameshalipia chumba Watamu, anataka anywe chai taratibu, atoke saa nne kutazama ndege, arudi kwa chakula cha mchana. Tunamwambia Jumamosi hii ni saa nane na nusu mchana, na Jumamosi ijayo ni saa mbili asubuhi. Anaona tunambabaisha.

Mwenye ratiba ni maji. Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, ni hori pana yenye mdomo mwembamba, imezungukwa na mikoko. Maji yakipwa, tope huanikwa mbali sana na ndege hutawanyika kutafuta chakula. Utaambulia vidoa tu hata ukiwa na darubini nzuri. Yakijaa kabisa, tope lote limefunikwa na ndege wameshahamia wanakopumzikia. Unachokitaka wewe ni kipindi cha katikati, maji yanapopanda na kuwasukuma vitwitwi, sululu na ndege wenzao wa ufukweni kidogo kidogo hadi karibu na banda la kutazamia. Wanakusogelea wao wenyewe, wewe umekaa tu kivulini.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, hujaa karibu na saa nne. Katikati ya hapo saa husogea kama dakika 50 kila siku. Wavuvi wanayajua haya bila kushika simu. Sisi tunatazama jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kisha tunaongeza muda kidogo, kwa kuwa maji huchelewa kupenya mdomo wa hori.

Ndege wengi wa Mida ni wageni kama wewe. Wapo kwa wingi kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda chini, uzito wake gramu 60 hivi, ambaye huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Ukija Machi mwishoni utamkuta ameanza kuvaa wekundu wa tofali, anajiandaa kurudi. Wanaopendwa zaidi na wateja wetu ni wala-kaa, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu: weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kuliko unavyotarajia kwa ndege wa ufukweni. Mmoja husimama kimya kama mzee barazani, halafu ghafla anapiga mbio hatua chache na kumdunga kaa. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hukung'utwa kwanza hadi miguu ianguke. Kando yake mara nyingi kuna kinda mkubwa wa kijivu anayelialia alishwe, ingawa ameruka na wazazi wake kutoka pwani za Somalia au Uarabuni, Oman ikiwemo. Huko hutaga yai moja tu, ndani ya shimo walilochimba mchangani.

Hapo ndipo tunapovutana na wapiga picha. Hatumruhusu mtu kushuka kwenye tope kuwafuata. Ndege anayejaza mafuta kwa safari ya maelfu ya kilomita hupoteza nguvu kila unapomrusha, na kundi likishahama upande wa pili, walio nyuma yako bandani nao wamekosa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, mwendo mfupi tu kutoka horini, hauna habari na maji, lakini una ukali wake: saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshafika. Kufikia saa tatu joto limepanda na msitu umenyamaza. Kwenye miti ya mrihi, penye mchanga mweupe, tunamtafuta kwera wa Kilifi, ndege mfuma viota ambaye duniani kote anapatikana kaunti hii peke yake. Hupita juu ya vilele kwa makundi yenye kelele, leo yupo, kesho hayupo. Mazalia yake yenyewe yaligunduliwa mwaka 2013 tu, kule kwenye msitu wa Dakatcha.

Halafu kuna bundi. Nyumbani bundi akilia juu ya paa ni uchuro. Huku watu wanapanda ndege ya abiria kuja kumwona mmoja asiyezidi shubiri kwa kimo. Bundi wa Sokoke hushinda mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu, mara nyingi wawili wamebanana tawi moja, karibu usawa wa macho yako. Wapo wa kijivu, wa hudhurungi na wekundu. Hatumwahidi mtu, maana hubadilisha tawi. Tukiwapata, ni dakika chache, bila flashi, na hatuwachezei mlio wa simu ili wajitokeze. Anayekuuzia bundi "wa uhakika" muulize anampataje.

Ada ya kuingia msituni haimo katika bei yetu. Ni ya serikali. Vaa suruali ndefu na uingize miguu yake ndani ya soksi, hasa baada ya mvua, kwa sababu ya siafu. Nguo nyeupe ziache hotelini. Msituni kuna ndovu pia, kwa hiyo usijitenge na kundi hata kama umeona kitu kizuri.

Ukituandikia, taja tarehe zako zote za kukaa Watamu au Malindi badala ya siku moja uliyoichagua. Tutakurudishia siku ambayo maji ya Mida yanapanda kwa saa nzuri na asubuhi moja ya msitu. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 100, hivyo kwa safari ya msitu heri ulale huku usiku wa kuamkia siku yenyewe.