Kurudishiwa pesa kunaanza kabla ya kulipa

Kwa Mhariri,

Wengi wanaonunua bidhaa mtandaoni hapa Kenya hupoteza haki yao mapema: wametupa boksi, wamekata lebo, na tangazo walilolisoma muuzaji ameshalibadilisha. Piga picha ya skrini ya tangazo lote, pamoja na bei na jina la muuzaji, kabla ya kulipa. Kifurushi kikifika, kirekodi kwa video moja isiyokatwa, ukianza na lebo kikiwa bado kimefungwa.

Dai liwe na kipimo. Ukiandika "ni mbovu" tu, utazungushwa. Kwa mfano, pawabanki ya mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba) haiwezi kuchaji simu ya mAh 5,000 mara nne, kwani volti 3.7 za betri hupandishwa hadi 5 na nishati nyingine hupotea kama joto. Mara mbili na nusu ni kawaida. Ikizima kabla simu haijajaa hata mara moja, hapo umeuziwa kopo.

Peleka dai kwenye ukurasa wa oda, si kwa WhatsApp ya muuzaji, na usithibitishe kwamba umeridhika na mzigo kabla ya kuujaribu. Uliyelipa kwa kadi, omba benki yako ipinge malipo hayo.

M-Pesa ni ngumu zaidi. Kutuma ujumbe kwa 456 ni kwa pesa zilizokosea njia, si kwa ugomvi wa bidhaa. Ndiyo maana kwa duka usilolijua ni heri ulipe mzigo ukifika, tena baada ya kuufungua mbele ya mwanaboda, hata akinuna.

Fundi wa simu,
Nakuru