Idi Mubarak kwa Walio Nchi Kavu na Walio Baharini

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki, Idi Mubarak. Alhamdulillahi, Mola ametufikisha mwisho wa mfungo tukiwa hai. Wazee wangu, nawaamkia. Wagonjwa, Mwenyezi Mungu awaafu. Na watoto mtakaopita kupokea mkono wa Idi, mtupokee kwa kidogo tulicho nacho, kwani mwaka umekuwa mzito.

Sote tunajua bei zilivyo. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi zimelazimika kuzunguka hadi Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na gharama ya mzunguko huo hutua jikoni mwetu. Tunalalamika, na ni haki yetu. Lakini Machi 2024, siku chache kabla ya Ramadhani, kombora liliipiga meli ya mizigo True Confidence katika Ghuba ya Aden na kuua mabaharia watatu. Hawakuwa askari. Walikuwa kazini.

Bahari yetu hii inajua habari hizo tangu zamani. Tarehe 12 Februari 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, meli Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Kwa muda wa kama dakika mbili tu ilikwisha zama. Watu 1,297 walikufa: vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi, na mabaharia wa meli yenyewe. Hao mabaharia ndio huwa wa mwisho kutajwa, wakitajwa. Hadi 1941, baharia wa meli ya biashara ya Uingereza alikatikiwa mkataba wake wa kazi siku ile ile meli yake ilipozamishwa, hata kama yeye yu hai juu ya ubao anangoja kuokolewa. Na Wahindi waliotia makaa katika meli hizo, wengi wao Waislamu, walilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa Mwingereza.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtia makaa. Alipanda meli wakati wa vita vile na hakurudi. Haikuja barua wala mtu. Zilizokuwa zikija ni fedha zake za mwezi, nazo zikaacha kuja. Bibi hakujua akae eda au angoje. Kila mkesha wa Idi aliwapaka hina wanawake wa mtaa mzima, wake mikono ikabaki mitupu, kwa sababu hakujua yeye ni mke au mjane. Miaka ikapita mpaka kadhi alipohukumu kuwa mumewe amefariki, ndipo akakaa miezi yake minne na siku kumi. Maiti hakumwona, na kaburi la kuzuru hana. Mimi nilimkuta mtu mzima, na hata hapo hakupenda kupelekwa pwani siku ya Idi. Sikumuuliza kwa nini.

Basi ndugu zangu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyekufa maji ni katika mashahidi. Tukiwa tunaamini hivyo, mbona dua zetu zinawasahau? Mchele wa fitri tuliopima jana umevuka bahari, na kuna aliyekesha juu ya sitaha ili ufike. Maimamu wetu, watajeni mabaharia katika khutba ya leo, wa zamani na wa sasa, na msiwabague kwa dini wala taifa katika kuwaombea familia zao subira. Enyi wenye meli, mjulisheni mke wa baharia habari za mumewe zikiwa mbaya kama mnavyomjulisha zikiwa njema, na haki yake mpeni kabla hajaja kuiomba mlangoni. Nasi majirani, nyumba ambayo baba yuko safarini tuipelekee sahani leo, tuulize wana nini na wamepungukiwa na nini. Tusingoje msiba. Mcheni Mungu katika mayatima, mcheni Mungu katika wajane!

Mola awarehemu waliozama, awarudishe salama walio safarini, na azijaalie bahari amani. Taqabbala-Llahu minna wa minkum. Kullu aam wa antum bikheir.