Besi isiyoyumba

Mombasa, Jumanne usiku

Shoga yangu Rehema,

Assalaam aleikum. Huku kwetu sote wazima, ila nyanya yako mguu bado wamsumbua na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapika. Bi Swafia anaruka kuja huko Alhamisi. Ameniambia mwenye barua amfikishie kabla ya kesho adhuhuri, maana begi lake limeshajaa achari na visheti vya watu, kwa hiyo nisamehe mwandiko wangu, unakimbia. Ningeweza kukurekodia kwa simu kama siku zote, lakini zile sauti zinakukatikia katikati, na hili nataka ulipate lote, uketi ulisome.

Nina jambo nataka unisaidie. Lakini kwanza nikueleze limetoka wapi.

Ule wimbo wa Joy Division, ile bendi ya roki ya Kiingereza, ulionitumia, "She's Lost Control", ukaandika chini yake "wewe sikiliza besi tu", nimekaa nao tangu Ramadhani iishe. Siku ya kwanza niliufungulia kwenye spika ya simu, nikasikia ngoma zinakatakata, basi. Siku ya pili nikachukua spika za masikioni za Saumu. Rehema! Ngoma zinaanza peke yake, kavu kabisa, kisha besi inaingia, na inaingia juu. Juu kule ambako kwenye rumba ungengoja solo. Gitaa lenyewe linafika baadaye, kama mgeni aliyekuta shughuli imeshashika moto. Niliurudia mpaka simu ikazima.

Nikaanza kumtafuta huyo mpigaji, Peter Hook. Mtu wa huko huko Uingereza uliko, wa Salford, ubavuni mwa Manchester. Tarehe 4 Juni 1976 alikwenda kuitazama bendi ya panki ya Sex Pistols kwenye ukumbi wa Lesser Free Trade Hall, Manchester, kesho yake akamkopa mamake pauni 35 akaenda kununua gitaa la besi. Walipoanza mazoezi, ampi, yaani kikuza sauti, ya mpiga gitaa wao Bernard Sumner ilikuwa na nguvu na yake haikufua dafu. Akipiga chini, hajisikii. Basi akapanda shingoni mwa gitaa, kwenye nyuzi nyembamba, na huko juu ndiko alikojisikia. Ian Curtis, mwimbaji wao, akaupenda mlio huo akamtaka abaki nao. Umeona? Mtindo unaoigwa mpaka leo dunia nzima umetoka kwenye ampi dhaifu.

Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikatoka nje kibarazani. Unaijua bendi yetu. Miaka sita nakung'uta besi pale hotelini, kati ya kinanda cha Bakari na spika zake mbili, na kila nikipanda juu kidogo Kaka Mbwana ananigeukia: "Besi ni msingi wa nyumba, ikae chini." Namheshimu, amenifunza mengi. Lakini mimi pia sijisikii! Na wala sikuwahi kufikiri kwamba kutojisikia kunaweza kumfungulia mtu mlango.

Basi nikaazimia kuutoa mlio ule hapa hapa chumbani. Besi yangu unaijua, ile ya nyuzi nne yenye ufa kichwani. Ampi ni ile ndogo ya mazoezi, wati 15. Kwanza nikabadilisha nyuzi, zile kuukuu zilikuwa zimekufa, hazina ukali. Nikaacha vidole nikashika piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, nikapiga karibu na daraja mahali nyuzi zimekaza, kwenda chini tu, chini tu, bila kurudisha juu. Hapo tayari mlio ukabadilika: ukawa na meno. Nikapunguza kitufe cha besi kwenye ampi mpaka karibu na sufuri. Najua kinachokujia, nani anapunguza besi kwenye besi? Lakini jaribu kusikiliza tena. Uzito wa wimbo ule umebebwa na ngoma, na besi inakaa katikati, mahali pa sauti ya mtu. Nikapandisha sauti za kati, nikaifungua ampi mpaka ikaanza kukwaruza kidogo, kama koo la mtu aliyeimba usiku kucha.

Kisha nikaja kwenye pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha mlio, na hapo ndipo nilipopotea wiki tatu nzima.

Hook anajulikana kwa korasi, pedali iliyoitwa Clone Theory, ya kampuni ya Electro-Harmonix. Sasa korasi ni nini? Fikiria wewe na mimi tukiimba mstari mmoja harusini. Hata tukijitahidi vipi, mmoja atatangulia kidogo na mwenzake atafuatia, na pale katikati yetu pakazaliwa upana. Pedali inafanya hivyo hivyo. Inaigawa sauti mara mbili, moja inapita moja kwa moja, ya pili inacheleweshwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na ule uchelewaji unarefuka na kufupika polepole, ndiyo maana sauti inapanda na kushuka kama ngalawa iliyotia nanga. Fundi Salim alinieleza ufundi wake wa ndani. Mle mna kipande kimoja, kwenye ile Small Clone, pedali nyingine ya kampuni hiyo hiyo, huwa ni MN3007, na ndani yake mna hatua 1,024. Umeme wa sauti unapokezanwa hatua kwa hatua, kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipeana ndoo. Ndoo ikipita haraka, ucheleweshaji ni mfupi. Ikipita taratibu, ni mrefu. Nilikaa pale dukani kwake nikisahau hata kwamba nimetumwa unga.

Nikanunua pedali ya korasi kwenye duka moja mjini, ya kuigiza. Wallahi Rehema, inachemka kama birika. Ukiiwasha kabla hujagusa uzi unasikia shhhh. Nikavumilia. Nikaifungua yote, nikapiga ule mzunguko mara mia, na nilifurahi, nikaona nimefika.

Saumu alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni. Akasema, "Dada, hiyo inayumba. Ile haiyumbi."

Sikumjibu. Nikarudia. Akasema tena, ile ya kwenye simu imesimama wima, hii yako inapepesuka.

Hapa nikuambie jambo ambalo sikukuandikia wakati ule. Saumu alianguka kazini mwezi wa Rajabu. Alikuwa kwenye cherehani, kifafa kikamjia mbele ya wateja, na jioni yake akaambiwa asirudi tena. Hakuumia sana, alijikata kidogo kidevuni. Dawa anameza, daktari amemuongezea kipimo. Lakini tangu siku ile hatoki, anashinda ndani, na akienda dukani anataka mtu wa kumsindikiza. Mama anasema tumwache apumzike. Mimi naona anazidi kunyauka.

Na wimbo huu, Rehema, sijui kama ulilijua hili uliponitumia. Curtis alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya ajira kule Macclesfield, akiwasaidia wenye ulemavu kupata kazi. Kulikuwa na msichana mwenye kifafa aliyekuja pale kutafuta kazi. Siku moja akaacha kuja. Baadaye Curtis akapata habari kwamba amefariki, ugonjwa ulimjia akafa nao. Wimbo ni wake huyo. Na Curtis mwenyewe, mwanzoni mwa 1979, akaambiwa ana kifafa. Mwezi wa nne wakaingia studio kurekodi albamu yao "Unknown Pleasures". Mei 1980 naye akafariki, ana miaka 23.

Nilimweleza Saumu yote hayo usiku ule, nikiogopa. Aliketi, akaniomba simu, akavaa spika zake mwenyewe, akausikiliza mpaka mwisho macho ameyafumba. Kisha akasema ngoma zile ndizo mwili, na besi ni mtu aliye ndani anayeshikilia asianguke. "Ndiyo maana isiyumbe," akaniambia. Mimi ni mpigaji wa miaka kumi na mbili na sikulisikia hilo.

Basi nikaizima pedali. Kwa sikio langu sasa, katika wimbo huu hasa, nafasi unayoisikia kuizunguka besi ni mwangwi mfupi mno, si wimbi la korasi. Huyu Martin Hannett aliyewatengenezea sahani yao alikuwa na vifaa vya kidijitali vya kuchelewesha sauti vya kampuni ya AMS, na alikuwa mtu wa kutenga kila kitu peke yake. Mpiga ngoma wao, Stephen Morris, alifunguliwa ngoma zake zikarekodiwa moja moja, ili sauti ya hii isivujie kwenye ile. Na ule mlio wa "tss" unaousikia kwenye wimbo huu ni kopo la dawa ya kusafishia vichwa vya rekoda, walilipuliza mbele ya maikrofoni. Kwanza alikausha kila sauti, kisha akaijengea chumba chake mwenyewe.

Nami nikaiga kwa nilicho nacho. Nikaitia ampi ndani ya kabati la nguo, kanga na mabuibui pande zote, nikafunga mlango na simu ikirekodi mle ndani. Mlio ukatoka mkavu kama ukuni. Halafu kwenye miksa ya Bakari nikaongeza mwangwi mmoja mfupi, usiojirudia, ukisikilizwa unajua kuna ukuta karibu lakini huuoni. Korasi nikairudisha tone tu, pale mwishoni, na Saumu ndiye aliyekuwa akinionyesha kwa mkono: bado, bado, hapo hapo. Tulimaliza saa saba usiku. Sijui nikwambie nini. Ni yenyewe. Si kwa kila kitu, nyuzi za juu kwenye besi yangu zinafifia haraka, haziimbi kwa urefu ule, lakini ukifumba macho umesimama pale pale.

Na Saumu tangu siku ile anakuja na mimi mazoezini. Anakaa karibu na Bakari kwenye miksa. Sisemi zaidi, naogopa kijicho.

Sasa ombi langu. Nitafutie pedali ya korasi iliyotumika, Small Clone. Clone Theory za zamani ni adimu na bei yake itatuua, hii ni jamaa yake na inatosha. Ina kitufe kimoja cha kuzungusha, cha mwendo, na swichi ya kuchagua kina. Ukiipata, omba kuijaribu kabla ya kulipa. Izungushe kitufe polepole, kikikwaruza kiache. Ifungue mahali pa betri, ukiona ukungu wa kijani usiichukue hata ukipunguziwa. Adapta yake usihangaike kuitafutia plagi, ya kwenu na ya kwetu ni ile ile ya miguu mitatu. Fedha nimempa mama yako mkononi, muulize, amezifunga kwenye leso.

Utasema, si umeshaona kwamba pedali siyo? Naam, kwa wimbo huu siyo. Lakini ziko nyimbo zao nyingine ambazo korasi ndiyo roho yake, na pia lile tone moja nalitaka liwe safi, lisichemke. Na nimemwambia Kaka Mbwana nataka kuupiga huu pale hotelini siku moja ya Jumatatu, watu wakiwa wachache. Alinyamaza kitambo, akasema nimletee ausikilize. Hajakataa! Unamjua, angetaka kukataa angekataa pale pale.

Ombi la pili ni la Saumu. Uliniambia treni kutoka kwenu hadi Stockport ni dakika kama kumi. Studio walikorekodi, Strawberry, ilifungwa zamani, lakini jengo lipo Waterloo Road, lina kibao cha kumbukumbu ukutani. Anataka picha. Anataka wewe uwemo kwenye picha.

Na wewe mwenyewe vipi? Zamu za usiku wamekupunguzia au bado? Yule mwenye nyumba alitengeneza hita, au unalala na makoti mpaka leo? Unakula nini? Lile gitaa ulilokwenda nalo unalishika, au limekaa chini ya kitanda? Uliponitumia wimbo ule ulijua unahusu nini, au ulinitumia kwa besi tu? Na kule Macclesfield, treni hiyo hiyo ikiendelea unafika? Mtu mwenye kifafa huko, kazini wanamfanyaje? Hili la mwisho nijibu kwa urefu, tafadhali, na usinipambie.

Bi Swafia anarudi baada ya wiki tatu. Mwambie pedali aibebe mkononi, asiitie kwenye begi la chini.

Ni mimi wako,
Mwanakombo

Saumu anakusalimu. Anasema mwangwi ni wake, niandike hivyo.