Ile si polio, ni konzo

Mhariri,

Habari yenu kuhusu watoto wa huku uwanda wa Makonde wanaotembea kwa ncha za vidole imeandikwa kwa huruma, ila mmesema ni "masalia ya polio". Hapo mmewapoteza wazazi. Nimekuwa tabibu wa zahanati hadi nikastaafu, na miguu ya namna ile naijua. Ile ni konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu unaoletwa na sumu ya muhogo mchungu, na chanzo chake kiko jikoni.

Tofauti utaiona kwa kinyundo cha mpira. Mketishe mtoto kitandani, miguu ining'inie, mgonge chini ya goti. Mguu uliopigwa na polio umelegea, umekonda, wala haushtuki. Wa konzo unaruka kupita kiasi, na ukiusukuma unyayo juu kwa ghafla, kifundo kinatetemeka chenyewe mpaka uuachie. Misuli imekakamaa, magoti yanasuguana. Wala si ganzi: mchome kidogo kwa mwiba uone kama hutaambulia kofi.

Amri ya kutembea hupita kwenye seli mbili za neva. Ya kwanza inaanzia ubongoni, na uzi wake hushuka ndani ya uti wa mgongo mpaka karibu na kiuno. Hapo humwaga kemikali inayoiamsha ya pili, ambayo uzi wake, kwa mtu mzima, unaweza kufika mita moja hadi kwenye misuli ya mguu. Virusi vya polio huua hii ya pili. Konzo hudhuru ile ya kwanza. Goti linaruka vile kwa sababu seli ya chini ni nzima, imekosa tu wa kuituliza.

Watu hudhani neva ni waya wa umeme. Waya hauli, neva inakula. Ikiwa imetulia, ndani yake kuna chaji hasi ya kama milivolti 70 kuliko nje. Amri ikija, vijilango vya utando wake hufunguka, sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, na kipande cha jirani nacho hufunguka, hivyo hivyo hadi mwisho wa uzi. Neva zenye kasi kubwa hupitisha amri kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kisha lazima sodiamu irudishwe nje, na kazi hiyo hula nishati usiku na mchana. Sasa sianidi, ndiyo hiyo sumu ya muhogo mchungu, huizuia seli kutumia oksijeni kutengeneza nishati hiyo.

Mwili una njia ya kuiondoa sianidi, lakini unahitaji salfa, na sisemi ile ya kupulizia mikorosho. Hupatikana kwenye protini: samaki, mayai, hata kunde. Nyumba inayokula ugali wa muhogo na kisamvu peke yake mwezi mzima haina akiba hiyo. Ndiyo maana konzo hutokea miaka ya ukame, muhogo unapozidi uchungu na watu wanapokosa subira ya kuuloweka utoke sumu. Unga wa chinyanya, unaotwangwa na kuanikwa siku hiyo hiyo, hubaki na sianidi nyingi. Simlaumu mama yeyote. Huku juu maji ya kuloweka muhogo siku tatu atayatoa wapi? Mwaka 2002 na 2003 mkoa wetu ulipata wagonjwa zaidi ya 200, wengi watoto na akina mama. Miguu ikishakakamaa haina dawa. Kuna mazoezi na magongo tu.

Kinga ipo, na haihitaji maji mengi. Tia unga wa muhogo kwenye beseni, weka alama pale ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, nawe endelea mpaka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano. Sianidi huondoka na hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo.

Naomba, Mhariri, mrekebishe ile habari, na maelekezo haya ya beseni myachape kwa herufi kubwa kabla watu hawajaanza kuanika makopa. Kuyabandika kwenye mashine za kusaga hapa mjini niachieni mimi.

Tabibu mstaafu,
Newala, Mtwara