Barua kutoka Beni Isguen

Ghardaïa, Aljeria

Shoga yangu Mwanakheri,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi wazima alhamdulillahi, na tunawaombea nanyi muwe hivyo hivyo. Nimeanza kukuandikia wewe, hata mama bado, kwa sababu niliyoyaona leo yanaihusu kazi yako ya kutembeza wageni.

Tumeteremka kutoka Algiers, kama kilomita 600 kusini, mpaka bonde la Mzab. Njia nzima ni jangwa la mawe, mara inatokea miji mitano juu ya vilima, kila mmoja na msikiti wake kileleni, nyumba zinashuka kuuzunguka mpaka ukutani. Wenyewe ni Wamzabi, Waberberi wa madhehebu ya Ibadhi. Dola yao ya Tahert ilipovunjwa mwaka 909 walikimbilia jangwani, na katika karne ya 11 wakaanza kujenga humu, mahali pakavu ambapo hapana wa kuwahusudu.

Mmoja wa miji hiyo ni Beni Isguen, na humo mgeni haingii peke yake. Unangoja langoni mpaka mwenyeji aje akuchukue, na masharti unayajua kabla hujavuka: huvuti sigara, hupigi watu picha, unavaa vya heshima. Aliyetutembeza ni mzee wa palepale, na Kiarabu changu cha Maskati alikivumilia. Kituo chake cha kwanza hakikuwa msikiti wala mnara wa ulinzi, kilikuwa mlango wa nyumba ya mtu. Ulikuwa wazi na hatukuona kitu ndani, maana njia ya kuingilia inakata kona mara tu baada ya kizingiti. Kisha akatuonesha kuta za juu: unajenga upendavyo, lakini jirani humzibii jua lake. Kwa nje humtambui tajiri wala maskini. Hata lipu wanaipiga kwa vikonyo vya mkungu wa tende ili ukuta ukwaruzike, ujitilie kivuli wenyewe. Nilisimama hapo mpaka mume wangu akanivuta mkono.

Wanawake wanapita wamejifunika shuka jeupe, wake za watu wanaacha jicho moja tu. Wakija, mzee anatusogeza pembeni, tunanyamaza mpaka wapite. Mwanakheri, hapo nilikukumbuka sana. Mara ngapi umenilalamikia wageni wanaowaelekezea kamera mama zetu waliokaa barazani, na wanaochungulia uani bila hodi? Kwetu Unguja tunaona haya kumkataza mgeni, tunadhani atakasirika asirudi. Hapa wanamkataza langoni, kwa adabu, na watu wanakuja vilevile. Mji Mkongwe nao una wenyewe wanaolala, wanapika na kuzikana mle. Nataka ulipeleke hili kwa watembezaji wenzako, nami niko tayari kuja kulisemea.

Baada ya alasiri tulikaa kwenye uwanja wa mnada. Wanunuzi wameketi kwenye viti vya mawe, dalali ndiye anayezunguka na zulia begani akitaja bei. Ungepapenda.

Sasa nikwambie kubwa. Mzee aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Unguja. Akasimama katikati ya njia, akanishika kwa maswali. Mji huu ndio wa Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni mkubwa wa Kiibadhi aliyefariki mwaka 1914. Na tafsiri yake ya Qur'ani, majuzuu kwa majuzuu, ilipigwa chapa Zanzibar, kwenye mtambo aliouanzisha Sultani wetu, Seyyid Barghash! Waibadhi walikuwa wachache na wametawanyika, Oman, kwetu, na huku ndani ya Sahara, kwa hiyo vitabu ndivyo vilivyowaunganisha. Mimi nimekulia Malindi, nimepita mbele ya misikiti yao kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kuniambia hili. Nimeona fahari, shoga, fahari ya kutaka kulia.

Basi nakuomba jambo. Pita Hifadhi ya Nyaraka pale Kilimani uulize kama wanayo hata juzuu moja ya chapa ile. Wakikosa, waulize wazee wenye makasha ya vitabu, usichoke. Ukiipata, niandikie ukurasa wa kwanza umeandikwa nini, neno kwa neno. Mzee nimemuahidi majibu, na anwani yake ninayo.

Nisalimie Bi Mkubwa na watoto.

Wako akupendaye,
Rukia