Mwanangu, usimchanie mtoto daftari

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Rehema,

Assalaam alaykum. Huku wazima. Zuhura anakusalimu na anadai ulimwahidi viatu. Mume wangu Hamisi mpe salamu zake kabla hujaendelea kusoma, mwambie mke wake wa Ujiji bado anamsubiri na hajaposwa na mwingine.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu kila nikisema neno unanijibu "sawa mama", na hiyo sawa yako naijua. Barua utaisoma hata ukinuna.

Nimesikia umemchania Hamisi karatasi ya hadithi yake. Usimtafute mchawi hapo wodini Mwanza mlikolazwa, hakuna muuguzi aliyeniambia. Kanitumia sauti mwenyewe, na vile vidonda vyake vya mdomoni, neno moja moja: "Bibi, mama kaichana meli yangu." Jioni yake wewe ukanitumia picha ya hadithi mpya. Liemba, ile meli ya ziwa letu la Tanganyika, imepanda juu ya maji, nahodha anapunga mkono, watu wanapiga makofi, "hatimaye wote wakafurahi." Rehema, mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili mpaka serikali ikanistaafisha. Mtoto wa darasa la pili hasemi hatimaye. Mwandiko ni wa Hamisi, maneno ni yako.

Ile hadithi ya kwanza, uliyoichana, alikwisha kunisomea. Meli iko chini ya ziwa. Samaki wameingia kwenye injini, wamezaa humo. Watu wako juu wanavuta kamba, na meli inawaambia waache wakapumzike, mikono yao imechubuka. Akaishia hapo. Najua kwa nini uliichana. Mimi nilipoisikia nilikaa barazani mpaka Zuhura akaja kuniuliza kama nimeanguka. Lakini hiyo ni shida yangu na yako, siyo ya Hamisi.

Na usidhani amekosea. Habari ya Liemba anaijua kuliko wewe. Anajua ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa hapa Kigoma vipande vipande ndani ya masanduku. Anajua Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, wakazipaka injini grisi kwanza zisile kutu, na kwamba Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927. Babu yake kamsimulia hayo mpaka mimi nikachoka. Kwa hiyo anajua vizuri kwamba meli ilipanda. Yeye kaamua kuiacha chini. Sasa jiulize, mikono iliyochubuka ni ya nani? Unadhani haoni unavyolala kwenye kiti? Unadhani hakusikii unapotoka kwenda kulia kwenye korido, ukarudi umenawa uso?

Usimsahihishe, Rehema.

Yupo mwanaanthropolojia mmoja wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, miaka ya sabini alikaa wodini na watoto wenye saratani ya damu, akachapisha aliyoyaona mwaka 1978. Watoto walikuwa wanajua. Hakuna aliyewaambia kwamba ugonjwa wao ni wa kutisha, lakini walijua, kwa kuona nani kaletwa na nani hakurudi, kwa kusikiliza wakubwa waliodhani wamelala. Na walinyamaza ili wazazi wasiumie. Mtoto anamlinda mama yake! Niliposoma hayo nilikufikiria wewe moja kwa moja. Kuku ukimfukuza kiotani haachi kutaga, anakwenda kutagia kichakani. Hamisi ukimchania tena, hadithi ataendelea kuwa nazo, ila wewe hutaziona. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata huo uvimbe wa taya yake, maana uvimbe una madaktari.

Na wamesema wenyewe, uvimbe wa taya wa namna hii unakua haraka na unasikia dawa haraka pia. Hiyo ndiyo kweli ya kumwambia akikuuliza. Usimwambie "huumwi sana", kwa sababu anajiona kwenye kioo. Mwambie ugonjwa ni mkubwa na dawa ni kali na daktari anaifanya kazi yake. Akikuuliza kama atakufa, usikimbilie kumfunika mdomo kwa dua. Dua omba, mimi naomba kila swala, lakini muulize kwanza, "Na meli inasemaje?" Atakujibu kwa meli yale asiyoweza kukujibu kwa nafsi yake.

Nimekukaripia vya kutosha, sasa nikwambie na hili. Nimeambiwa jioni unawakusanya watoto wa wodi nzima, unaanza "Hadithi, hadithi," na wanakuitikia "Hadithi njoo" mpaka wa kitanda cha mwisho asiyetaka hata kunywa uji. Nilipoambiwa nilijitangaza msikitini kama nimetoa mahari. Hukusomea kazi hiyo na hulipwi. Wapo watafiti wa Brazil walioupima mchezo huo kwa vipimo kabisa, wakachapisha mwaka 2021. Walichukua watoto 81 waliolazwa na wagonjwa mahututi, baadhi wakasimuliwa hadithi kama nusu saa, wengine wakapewa vitendawili na mtu yuleyule wa kuwachangamsha. Wakawapima mate kabla na baada. Kortisoli, ile homoni ya mwili unapokuwa na msongo, ilishuka, oksitosini, ile ya upendo na ukaribu, ikapanda, na watoto wenyewe walisema maumivu yamepungua. Vitendawili vilisaidia, ila hadithi zilisaidia karibu mara mbili. Kwa hiyo wakikuambia unapiga kelele wodini, wajibu kwa adabu, lakini usiache.

Basi msimulie kabla ya ile sindano ya mgongo, siyo baada yake tu. Anza ukiwa bado mnangoja kuitwa, ukatize mahali patamu, umwambie nyingine mkitoka. Fisi awe ameshika mkia wa mbuzi, hajui kama ni mkia au kamba. Hamisi hatavumilia kutojua.

Kuandika ni jambo lingine na lina masharti yake. Mwombe muuguzi, kwa upole, kanula, ule mrija wa dawa, waiweke mkono wa kushoto ikiwezekana, wa kulia abaki nao. Uliniambia anaangusha kijiko. Nimemuuliza yule kijana tabibu wa hapa mtaani, kasema moja ya dawa zile hutia ganzi vidole, basi mwambie daktari, usikae nalo. Penseli nimezizungushia kitambaa ziwe nene, azishike kwa ngumi akitaka. Mwandiko ukiwa mbaya uache. Siku vidole vimekataa, aseme yeye, uandike wewe, lakini andika kama anavyosema. Akisema "samaki wamezaliana kinoma", andika kinoma. Na siku vidonda vya mdomo vimemzidi hawezi kusema, ndiyo siku daftari lina kazi, aandike hata neno moja, hata achore. Akilala, mwache alale, hadithi haina mtihani.

Hiyo tabia ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu najua umeitoa wapi, ni kwangu. Juzi nilifungua sanduku nikaona daftari zako za shule, wino wangu ni mwingi kuliko ulivyostahili. Tuyaache hayo.

Madaftari nimeyafunika kwa nailoni ili uyafute kwa spiriti, maana kinga yake inashuka baada ya dripu, na usikubali vitabu vilivyopita mikono ya wodi nzima bila kufutwa. Kichongeo kimo. Ufutio sikuweka, na nimefanya makusudi.

Na ile karatasi, kama vipande bado viko kwenye mkoba, vigundishe. Kama umevitupa, mwombe akuandikie upya, na atakachoandika safari hii kikiwa tofauti na cha kwanza, mkiache hivyo hivyo. Usimwambie ulikuwa umechoka. Mwambie ilikuogopesha. Ataelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Huku nyumbani, bati la upande wa jikoni limepata tundu na mvua za vuli zinakuja, fundi anataka hela ya mbele. Pesa ya kikoba nimeirudisha, usiwe na wasiwasi na yule mwenyekiti. Baba Zuhura alituma kidogo kutoka Uvinza, nusu nimenunua sare ya Zuhura, nusu imo ndani ya bahasha hii, hesabu mbele ya aliyekuletea. Dagaa wamepanda bei tangu walipolifunga ziwa, na walipolifungua hawakushuka, nimekuwekea robo tu. Wachemshie mchuzi mwepesi usio na pilipili, na samaki mbichi wa huko Mwanza wapo, usijinyime wewe ili ule makombo ya mtoto. Yule beberu mwenye doa nimemuuza. Hamisi akiuliza, mwambie kauzwa, usimwambie kasafiri.

Zuhura naye ameanza kuandika, anasema anamwandikia kaka yake jibu kutoka kwa wale samaki. Sijamsaidia. Ameandika samaki kwa "c" na nimekaa kimya, na unajua hilo linanigharimu kiasi gani. Barua yake imo, mpe Hamisi aifungue mwenyewe, wewe usiisome kwanza.

Mzigo unakuja na basi la alfajiri kutoka stendi ya Masanga, kupitia Kasulu na Kibondo. Kondakta ameshalipwa, akikuomba tena usimpe. Chupa ya mawese nimeifunga mifuko miwili lakini siiamini hii mifuniko ya siku hizi, itoe kwanza kabla hujagusa madaftari.

Mama yako